Mikaratusi Niliyoiita Mto

Wiki tatu baada ya kurudisha funguo za ofisi, Kiprono alinipigia simu akaniomba niwaandikie vijana wapya wa upimaji "kitu kidogo tu, Madam, page moja." Kiprono ndiye mpimaji mkuu pale sasa, na amekaa nami miaka ya kutosha kujua kwamba sijawahi kumaliza jambo lolote kwa ukurasa mmoja. Nimechukulia kwamba alitaka nyingi, ila aliona haya kuziomba. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilinipita mara kadhaa vikielekea kwa wengine, nami sikuvikimbilia. Nitaandika kuhusu mistari, kwa sababu hadi leo mtu akikunjua ramani mbele yangu moyo hunidunda kama msichana aliyeitiwa barua.

Jina langu ni Rebecca Chelangat. Nilizaliwa karibu na Kabianga, siku ambazo barabara ile haikuwa na wanafunzi wa chuo kikuu bali ng'ombe na wenye ng'ombe. Baba alikuwa na shamba dogo la chai, na nilikua nikidhani dunia inaishia pale michai yake ilipogusana na ya jirani. Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wangu wa sanaa aliniambia kuna ofisi mjini inayotafuta watu wanaoweza kuchora mstari ulionyooka. Nikacheka. Nikadhani hiyo ni kazi ya kumpa mtoto na rula.

Siku ya kwanza nilikuta chumba kirefu chenye meza zilizoinama, taa za kuvutwa shingo, na mashine ya kuchapishia ramani iliyonuka amonia hadi machozi yakanitoka. Wanaume saba walikuwa wameinamia karatasi na hakuna aliyeinua kichwa. Wapimaji wenyewe walikuwa nje, huko Soin kwenye joto au juu Mogogosiek kwenye baridi, wakivuta minyororo ya kupimia. Mimi nilipewa stuli. Wanawake hawakupelekwa nje siku hizo. Ilisemekana kuna nyoka, na kwamba theodolaiti, kile chombo cha kupimia pembe, ni nzito. Nyumbani nilikuwa nimebeba vikapu vya majani mabichi vizito kuliko hiyo theodolaiti, lakini hakuna aliyeniuliza.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Odhiambo, mchoraji mkuu. Alitoka kandokando ya ziwa, akaja kwetu kijana, akaoa, akasomesha, akazeekea humu humu kwenye chai. Kikipsigis chake, lugha yetu, kilikuwa kizuri kuliko alivyokubali, na alikitumia hasa pale wazee wa mashamba walipodhani hawasikii. Wiki mbili za kwanza hakunipa ramani yoyote. Alinipa kalamu ya wino yenye ncha kama sindano na karatasi ya kufuatishia, ile inayopitisha mwanga, akaniambia nichore mistari sambamba.

"Usipumue ukiwa katikati ya mstari," aliniambia. "Pumua mwanzo, pumua mwisho. Katikati hapo ni ya Mungu."

Nilipokosea alinipa wembe. Wino ule haufutiki kwa raba. Unaukwangua polepole kwa wembe ulioulaza, kisha unalainisha mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Ninyi mnaobonyeza kitufe kimoja na kosa likatoweka, hamjui kosa lina uzito gani likikwanguliwa dakika arobaini. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa sikosei. Baada ya miwili nilikuwa na maringo, na ya kweli.

Kisha ikaja siku ya miwani. Ndivyo tulivyokiita kile chombo cha miguu minne chenye vioo, ambacho unakisimamisha juu ya picha mbili zilizopigwa kutoka kwenye ndege, picha za mahali pamoja lakini pembe tofauti kidogo. Mzee alizilaza picha mbili mezani, akasogeza moja upana wa kidole, akaniambia niangalie. Mwanzoni niliona ukungu. Halafu, bila onyo, nchi ikasimama. Vilima viliinuka kutoka mezani, mabonde yakazama, paa la kanisa likanikaribia pua. Niliona mteremko wa kwetu, niliona kisima, niliona njia niliyokuwa nikipita kwenda shule kama niko juu ya mti mrefu kuliko miti yote. Nilipiga kelele. Wale wanaume saba, kwa mara ya kwanza, wakainua vichwa. Mzee Odhiambo hakucheka. Alisema tu kwamba yeye siku yake alianguka kutoka kwenye stuli.

Tangu siku hiyo nilikuwa nimenaswa. Na yeye alipoona nimenaswa, akaanza kunifundisha yale ambayo hayamo kwenye kitabu. Alinisimamisha mbele ya ramani ya nchi iliyokuwa ukutani, akanionyesha mpaka wetu wa kusini, ulionyooka kutoka ziwa hadi karibu na bahari, ukipinda tu mahali pale penye mlima.

"Unadhani huyu aliyechora alikanyaga hapa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi wale watu walilala ndugu wakaamka wageni, kwa rula. Bendera ilikuja baadaye kabisa. Rula ndiyo ilikuja kwanza."

Kisha akanipa hesabu ambayo nimewapa vijana wote waliopita mikononi mwangu. Kwenye ramani ambayo sentimita moja ni nusu kilomita, mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita hufunika mita ishirini na tano za ardhi. Ndani ya mita hizo kuna jiko la mtu, choo chake, na ng'ombe mmoja aliyefungwa. Mkono ukikutetemeka, umemhamisha mtu na ng'ombe wake. Babu yangu alikuwa amehamishwa na mstari kama huo, ulipochorwa kuzunguka mashamba makubwa ya chai na watu wakaambiwa wako upande usio wao. Nilikuwa nimekua nikiisikia hadithi hiyo. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu kwenye stuli aliyeshika kalamu.

Sasa nifike Chebirir, maana ndiko ninakokwenda tangu mwanzo.

Chebirir ni kijito. Kiliandikwa kwenye sheria kuwa mpaka kati ya wilaya mbili, kwa maneno tu: mpaka utafuata mkondo wa Chebirir hadi unapoingia mto mkubwa. Ramani ya zamani ya eneo hilo ilikuwa imechakaa mikunjoni, na mimi, mwaka wangu wa tatu, nikapewa kazi ya kuifuatisha upya kwa kutumia picha za ndege. Ilikuwa Ijumaa. Nilitandaza picha, nikatafuta kijito, na nikakiona mara moja: utepe mweusi wa miti uliokatiza mlimani. Kwetu miti ya kando ya maji haikuguswa. Bibi yangu angeweza kukusamehe kuiba, lakini si kukata mti wa mtoni. Kwa hivyo penye utepe mweusi pana maji, hilo mtoto wa huku hafundishwi. Vijana waliotoka mbali ndio waliohitaji miwani ili kutambua mto. Mimi nilikuwa mwenyeji.

Nikafuatisha ule utepe kwa wino wa buluu, mstari safi kuliko yote niliyowahi kuchora, na juu yake nikaweka nukta na vistari vya mpaka. Mzee Odhiambo akaja akasimama nyuma yangu.

"Umeiangalia kwa miwani?"

Miwani ilikuwa imechukuliwa chumba cha pili na kulikuwa na foleni. Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

Aliniamini. Chini ya ramani zile kulikuwa na visanduku viwili, kimoja cha aliyefuatisha na kingine cha aliyekagua. Nikaandika R.C. kwenye changu. Akaandika J.O. kwenye chake. Tukaenda kula.

Miaka ilikwenda. Nilipelekwa nje hatimaye, nikaona nyoka mmoja tu, na alikuwa amekufa. Kompyuta zikaja. Ramani zote za karatasi zikapitishwa kwenye mashine na kuingizwa ndani, pamoja na ile ya Chebirir, ambayo sasa ilionekana safi zaidi na ya kuaminika zaidi. Mzee Odhiambo akastaafu, akarudi kwao ziwani, na tulipomzika nilisimama mbele za watu nikasema kwamba mkono wake haukuwahi kuchora uongo. Nilisema kweli kuhusu mkono wake.

Halafu ikaja Katiba mpya na kaunti zake, na nataka vijana mjue kwamba ile ndiyo miaka mitamu kuliko yote niliyofanya kazi. Mistari ya wilaya, ambayo zamani ilituambia tu barua iende kwa chifu yupi, iliamka asubuhi moja ikiwa mipaka ya serikali. Kila serikali na gavana wake, bunge lake, magari yake. Simu haikunyamaza. Watu wakubwa, ambao hawakuwahi kujua chumba chetu kiko ghorofa gani, walikuja wakitweta wakimtafuta "yule mama wa ramani za kale". Nilikuwa malkia. Nilikuwa nikifika saa moja asubuhi kwa sababu sikuweza kulala kwa furaha. Nchi nzima ilikuwa imegundua jambo ambalo Mzee alinionyesha ukutani: kwamba dola ni mstari kabla haijawa kitu kingine chochote.

Kazi nyingi za siku hizo zilikuwa za kugombania. Kila upande ulitaka kituo cha chai, soko, daraja. Ya Chebirir ilikuwa kinyume. Huko kulikuwa na kitu ambacho kaunti zote mbili zilikikataa.

Barua ilifika kwenye karatasi ya daftari la mazoezi, kwa mwandiko wa mwalimu. Aliitwa Roselyne Chepkirui, na alifundisha shule ya nasari iliyojengwa na akina mama wa kilima kile kwa mabati na mbao za mabaki. Mnajua kwamba nasari siku hizi ni kazi ya kaunti: kaunti ndiyo huajiri mwalimu na kujenga darasa. Roselyne alikuwa amekwenda kwa kaunti ya juu, yaani yetu, akaambiwa ramani inaonyesha yuko chini ya mpaka. Akaenda kwa kaunti ya chini, akaambiwa sheria inasema mpaka ni kijito, na shule yake iko juu ya kijito. Miaka sita alikwenda na kurudi. Sasa afisa wa afya alikuwa amempa hadi mwisho wa muhula: kama shule haitasajiliwa na kaunti yoyote na kupata choo na darasa la maana, itafungwa. Nasari nyingine ya karibu ilikuwa ng'ambo ya barabara ambayo malori ya majani huteremka bila kusali. Mtoto wa miaka minne havuki pale.

Nilikuwa nimebakisha wiki chache kustaafu. Ningeweza kumpa Kiprono barua ile. Badala yake nilivaa viatu vya mpira.

Tulifika asubuhi, Kiprono na droni yake kwenye sanduku kama la kinanda. Watoto walikuwa wakiimba namba. Mwalimu Roselyne alitoka akiwa na chaki hadi kwenye viwiko, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho.

"Chamgei, kogo," alinisalimu. Kogo ni nyanya kwetu, na nilikubali cheo hicho. "Nyinyi ni wa juu ama wa chini?"

"Wa juu."

"Basi mtaniambia niko chini. Kalieni hapo nimalize na hawa, halafu mniambie."

Kiprono alitaka kujieleza. Nikamkanyaga mguu. Roselyne alipomaliza nilimuuliza kijito kiko wapi. Akanyoosha mkono kuelekea bondeni, mahali palipokuwa na majani mapana ya nduma, yale magimbi yapendayo maji, yaliyojaa kutoka ukingo hadi ukingo.

"Iko ndani ya hiyo nduma. Watu walipanda nduma huko tangu babu yangu, maji huwezi kuiona mpaka uingie."

"Na huku juu?" nilimuuliza, kwa maana ramani niliyoshika ilisema kijito kiko nyuma yetu, juu ya shule.

"Huku juu hakuna maji, kogo. Ni miti tu. Ni ile blue gum mzee mmoja alipanda kwa mpaka ya shamba yake, ya kuni ya factory."

Nikageuka. Mikaratusi ilisimama mstari mmoja, mirefu, myeusi, ikikatiza mlima kutoka mwisho hadi mwisho. Visiki vya zamani vilikuwa vimechipua tena na tena. Nilijua umbo lake. Nilikuwa nimelichora bila kupumua.

Nitasema ukweli ingawa hautanipendeza: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Fumbo la miaka sita lilifunguka mbele yangu kama nchi ilivyosimama ndani ya miwani. Kila kaunti ilikuwa ikisoma sawasawa. Moja ilisoma ramani, nyingine ilisoma sheria, na shule ilikuwa imekaa katikati, kati ya mto wa kweli na mto wangu. Nilitaka kumshika Kiprono mabega nimweleze. Ndipo mtoto mmoja akatoka darasani akijikunja, akakimbilia vichakani kwa kuwa hapakuwa na choo, na furaha yote ikanitoka. Nikaketi juu ya kisiki.

"Madam, uko sawa?" Kiprono aliuliza.

"Viatu vinabana," nilisema.

Sikumwambia siku hiyo. Kesho yake nilifungua stoo ya picha za kale, nikazipata zile mbili, nikapangusa vumbi kwenye miwani ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka. Ilichukua muda wa kukohoa mara moja. Mstari mweusi ulipanda hewani, ukakaa mgongoni mwa mlima, mahali ambapo hakuna maji duniani yanayoweza kukaa. Chini yake bonde lilizama, na ndani ya bonde kulikuwa na ukanda wa kijivu hafifu, laini kama shamba la mboga. Nduma. Mto wetu ulikuwa umevaa nduma, na mimi mwenyeji nikaupita. Foleni ile ya Ijumaa haikuwa na watu zaidi ya wawili.

Mkutano wa kaunti mbili uliitishwa kwenye kituo cha kununulia chai kilicho karibu na kijito, saa ambayo wakulima walikuwa wamekwisha kupima majani yao. Siku moja kabla, mkurugenzi wetu aliniita. Alikuwa kijana mzuri, mwenye haraka.

"Madam Chelangat, kesho tunasimama na sheet. Hiyo ramani ni official, ilikaguliwa. Tukikubali hiyo nasari moja, zitakuja kumi. Wewe ndio mkubwa hapa, ukiongea watakuheshimu."

"Nitaongea," nilimwambia. Hakuuliza nitaongea nini.

Kwenye kituo kile tuliketi kwenye viti vya plastiki chini ya paa, harufu ya majani mabichi ikiwa bado imejaa. Upande wa pili aliongoza mpimaji wao, Bwana Langat, mtu mpole wa makamo aliyebeba sheria imekunjwa kwenye mfuko wa shati. Akaisoma: mpaka ufuate mkondo wa Chebirir. Mkurugenzi wetu akafungua ramani. Akasema vijito huhama. Labda leo kiko kwenye nduma, lakini wakati wa kuchora kilikuwa pale juu, na ramani ndiyo shahidi.

"Maji ipande mlima?" Langat aliuliza.

"Kuna mmomonyoko," mkurugenzi alisema.

Wakabishana saa nzima. Kiprono alionyesha picha za droni, lakini picha za leo hazisemi kitu juu ya jana, na mkurugenzi alilijua hilo. Hatimaye Langat akaomba kuona ramani ya asili, ile ya wino. Tulikuwa tumeibeba. Wakaiinamia. Mende walikuwa wamekula kona ya chini. Kisanduku cha aliyefuatisha hakikuwepo tena. Kilichobaki kilikuwa kile cha mkaguzi.

"J.O.," Langat alisoma. "Huyu ni nani?"

"Ni mzee mmoja wa zamani," mkurugenzi alijibu. "Alishakufa."

"Basi huyo J.O. ama alikuwa mtu wa maana, ama alikuwa amelala."

Watu wakacheka kidogo, hata wa upande wetu. Mende walikuwa wamenifanyia hisani kubwa. Ningenyamaza, mstari ungebaki wa marehemu, na mimi ningekwenda kukata keki yangu ya kustaafu. Lakini mficha uchi hazai, na shule ile haingezaliwa nami nimeketi. Nikasimama. Kiti kilinifuata kidogo kisha kikaanguka.

"Huyo hakulala," nilisema. "Aliniuliza kama nimeangalia kwa miwani, nikamwambia ndiyo. Ilikuwa uongo. Aliyefuatisha ni mimi."

Nikaendelea. Niliwaeleza utepe mweusi na miti ya mtoni. Nikaweka picha mbili nilizokuja nazo juu ya mizani ya chai, nikasimamisha miwani juu yake, nikamwita Langat kwanza. Aliinama. Mabega yake yalikaa tuli, halafu yakaruka.

"Wee," alisema taratibu. "Inasimama."

Baada yake waliangalia wote, mmoja mmoja, hata karani wa chai. Watu wazima walipanga foleni kama watoto wa chanjo, na kila aliyeinama alitoka akionyesha mlimani kwa kidole, kisha bondeni. Mkurugenzi wetu alikuwa wa mwisho. Aliangalia muda mrefu kuliko wengine.

"Madam," alisema alipoinuka, "umetumaliza."

"Ndiyo."

"Shule ni yetu basi."

"Ilikuwa yetu siku zote. Ni kalamu yangu ilikataa."

Akapigapiga mizani kwa kidole. Kisha akamwambia karani aandike kwamba pande zote mbili zimekubaliana: mpaka ni kijito kilicho ndani ya nduma, kama sheria inavyosema, ramani isahihishwe, na shule ya nasari isajiliwe kaunti ya juu kabla ya mwisho wa muhula. Wakatia sahihi pale pale, juu ya mizani. Sikuwahi kumpenda bosi kama nilivyompenda dakika ile, na sidhani alijua.

Kiprono alitaka kunipeleka nyumbani kwa gari. Nikamwambia nitapanda kwa miguu. Alinitazama kana kwamba amegundua kwamba nilikuwa kijana wakati fulani, jambo linalowashangaza sana vijana.

Nilivuka nduma, maji yakaniingia viatuni, nikapanda. Nilikuwa na furaha ya ajabu, furaha na hofu kwenye mfuko mmoja. Roselyne alikuwa amewatoa watoto nje kunywa uji. Aliponiona alisimama na kikombe mkononi.

"Mwalimu, mko kwetu," nilimwambia. "Wameandika, wametia sahihi. Watakuja kusajili muhula huu."

Aliketi kwenye benchi, akaweka kikombe chini polepole, akajifuta uso kwa kanga. Watoto wakaacha uji wakimwangalia.

"Miaka sita, kogo. Kila mtu alikuwa ananiambia ni makosa ya wazungu, hao ndio walichora mipaka vibaya. Hata watoto nimewafundisha hivyo."

Hapo ningeweza tena kunyamaza, na safari hii hapakuwa hata na mkutano.

"Wazungu wana yao, Mwalimu, na ni mengi," nilisema. "Hili ni langu. Mimi ndiye nilichora, kwa mkono huu, na nikadanganya aliyeniuliza."

Sikujua kama angenipiga au angelia tena. Hatimaye aliinuka, akapiga makofi mara mbili watoto wakapanga mstari kuingia darasani, akachukua kipande cha chaki akakiweka kwenye kiganja changu.

"Basi ingia," alisema. "Uwaambie hivyo hivyo vile umeniambia mimi."

Nikavua viatu vilivyojaa maji mlangoni, nikaingia, nikaandika jina langu ubaoni.